Kinga ya Kompyuta ya Nyumbani: ya Bure, ya Kulipia na ya Magendo



Katika mikutano ya polisi na jamii, kuanzia Busia na Malaba hadi Mutukula na Mpondwe, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa kila tunapogusia uhalifu wa mtandao. Mwananchi husimama na kusema: nimenunua kompyuta kwa ajili ya familia yangu, je, ninunue programu ya kuzuia virusi, au ile ya bure inatosha? Swali hili ni la haki. Linaulizwa na watu wanaoihesabu shilingi kabla ya kuitoa, na jibu lake linastahili kutolewa kwa utulivu, bila kumpigia debe mfanyabiashara yeyote.

Somo hili linakusudia kumwezesha msomaji kufanya mambo matatu: kuelewa kinga ya kompyuta inafanya kazi gani, kupima kama familia yake inahitaji kulipia kinga hiyo au la, na kuitambua aina ya tatu ya kinga, ambayo haisemwi hadharani lakini imeenea katika miji yetu. Aina hiyo tumeiita kinga ya magendo. Hoja yetu tunaitanguliza mapema: baina ya kinga ya bure na ya kulipia, zote zikiwa halali, tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, bali baina ya kinga halali na ya magendo, tofauti ni sawa na ya mlinzi na mwizi.

Kinachowindwa ndani ya kompyuta yako

Wapo wanaosema, "Mimi si tajiri, nani atahangaika na kompyuta yangu?" Kauli hii ingekuwa kweli kama mhalifu angekuwa anachagua nyumba moja moja. Mhalifu wa mtandao hachagui. Hutega nyavu kwa maelfu, kisha hungoja kuona kilichonasa.

Hebu tuhesabu kilichomo. Kompyuta ya nyumbani siku hizi ni kabati la nyaraka za ukoo. Humo mna nakala ya mkataba wa kibanja, vyeti vya kuzaliwa, matokeo ya mitihani ya watoto, picha za marehemu wazee, hesabu za chama cha akiba na mikopo, na kwa wale wanaofanya kazi na mawakala wa forodha, ankara na hati za mizigo ya wateja. Humo pia mna nywila za barua pepe na za benki, kwa sababu wengi wetu hukiruhusu kivinjari kuzikumbuka. Wengine wamefungua WhatsApp kwenye kompyuta hiyo hiyo, nayo hubaki wazi mchana kutwa.

Programu hasidi, ambazo kwa kawaida sote tunaziita virusi, huvishambulia vitu hivyo kwa njia mbalimbali. Zipo zinazochomoa nywila zilizohifadhiwa katika kivinjari na kuzituma mbali bila dalili yoyote kuonekana. Zipo za kudai fidia, ambazo hufunga mafaili yote kwa msimbo wa siri, kisha huonyesha tangazo la kutaka fedha. Zipo zinazoonyesha onyo la uongo kwamba kompyuta yako ina virusi mia, na kukutaka upige simu au ulipe mara moja. Na vipo vile virusi ambavyo kila mwenye flashi katika miji yetu amekutana navyo: folda zako hufichwa, na mahali pake huonekana alama zenye mshale mdogo, ukibofya mojawapo, kirusi huingia katika kompyuta.

Sisi wa mpakani tuna sababu ya ziada ya kujihadhari. Hati huchapwa katika duka la upande huu, husahihishwa nyumbani, hutolewa nakala katika duka la upande wa pili, kisha hurudi katika flashi ile ile jioni. Flashi haina pasipoti wala haisimami forodhani. Kirusi kilichopanda asubuhi katika nchi moja huweza kulala usiku katika nchi nyingine.

Kinga hufanya kazi gani?

Programu ya kuzuia virusi hufanya kazi kwa njia mbili kuu, na zote mbili zinafanana na kazi ya askari polisi.

Njia ya kwanza ni orodha ya wanaosakwa. Kampuni iliyotengeneza programu hukusanya alama za virusi vinavyojulikana na kuzipeleka kwenye kompyuta yako kwa njia ya intaneti. Kila faili linapofunguliwa, hulinganishwa na orodha hiyo. Udhaifu wa njia hii uko wazi: orodha ya mwezi uliopita haimtambui mhalifu wa wiki hii. Kinga isiyopata masasisho ni askari aliye kizuizini barabarani akiwa na picha za wahalifu wa zamani peke yake.

Njia ya pili ni kuchunguza mwenendo. Hapa kinga haiulizi jina, inatazama matendo. Programu inayoanza ghafla kubadilisha mafaili mamia kwa dakika chache, au inayojaribu kuzima ulinzi wa kompyuta, hutiliwa shaka na kuzuiwa hata kama haimo katika orodha.

Kinga nzuri, ya bure au ya kulipia, hutumia njia zote mbili. Aidha, hufanya kazi wakati wote kompyuta inapowaka, wala haingoji kuamrishwa. Haya yakikaa akilini, tunaweza sasa kuzitazama aina zenyewe.

Kinga ya bure

Kinga ya bure ya kwanza huenda tayari unayo bila kujua. Tangu toleo la Windows 8, lililotoka mwaka 2012, kampuni ya Microsoft imekuwa ikiweka kinga ndani ya Windows yenyewe. Katika Windows 10 na Windows 11 kinga hiyo inaitwa Microsoft Defender. Haihitaji leseni ya ziada, haina ada ya mwaka, na hujiwasha yenyewe iwapo hakuna kinga nyingine iliyosakinishwa. Ukitaka kuiona, andika maneno Windows Security katika kisanduku cha kutafutia, kisha fungua. Alama za kijani zina maana kwamba ulinzi uko kazini. Alama nyekundu au ya manjano inataka kushughulikiwa siku hiyo hiyo.

Katika miaka ya mwanzo kinga hii ilidharauliwa, na haikuwa bila sababu. Leo hali imebadilika. Zipo maabara huru zinazozipima programu hizi kwa kuzikabidhi virusi halisi, kama vile AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria, nazo hutangaza matokeo yao bila malipo. AV-TEST hutoa alama 6 kwa ulinzi, 6 kwa wepesi wa kompyuta na 6 kwa urahisi wa matumizi, jumla 18. Kwa miaka kadhaa sasa, kinga hii ya ndani ya Windows imekuwa ikipata alama za juu, sambamba na programu zinazouzwa. Mwenye kutaka kununua na asome matokeo hayo kabla ya kusikiliza maneno ya muuzaji.

Kinga ya bure ya pili ni ile inayotolewa na kampuni zinazouza pia matoleo ya kulipia, mathalani Avast, AVG na Avira. Nazo hufanya kazi ya msingi ya kuzuia virusi. Hata hivyo, wahenga walisema bure ghali, na mwenye hekima huuliza: anayenipa bila malipo anapata riziki yake wapi? Aghalabu hupata kwa matangazo yanayokuhimiza ununue toleo kubwa. Lakini imewahi kutokea kwamba malipo yakatolewa na mtumiaji bila yeye kujua. Mnamo Februari 2024, Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba Avast italipa dola milioni 16.5, baada ya kudaiwa kwamba taarifa za tovuti walizotembelea watumiaji wake zilikusanywa na kuuzwa kupitia kampuni yake tanzu iitwayo Jumpshot, ilhali watumiaji hao waliahidiwa kulindiwa faragha yao. Kampuni hiyo tanzu ilifungwa mwaka 2020. Funzo hapa si kwamba kila cha bure ni mtego. Funzo ni kwamba masharti husomwa kabla ya kubofya neno la kukubali, na kwamba ruhusa ya kukusanya taarifa, pale inapoweza kuzimwa katika mipangilio, ni vyema izimwe.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Matoleo mengi ya bure ya kampuni hizo yameruhusiwa kwa matumizi ya nyumbani tu. Anayetumia kompyuta hiyo kuandaa hati za wateja kwa malipo yuko nje ya ruhusa hiyo, hata kama kompyuta iko sebuleni.

Kinga ya kulipia

Anayelipia hupata nini? Kwa kawaida hapati injini tofauti ya kukamata virusi. Katika kampuni nyingi, injini ya toleo la bure na ya toleo la kulipia ni moja. Kinachouzwa ni nyongeza: leseni moja ya kulinda vifaa kadhaa, simu zikiwemo, kidhibiti cha yale ambayo watoto wanaweza kuyafungua, hifadhi ya nywila, njia ya siri ya kupitishia mawasiliano katika intaneti ya mahali pa umma, na, jambo ambalo kwa wengine lina thamani kubwa kuliko yote, mtu wa kumuuliza unapokwama.

Kabla ya kulipa, ni busara kuangalia kama nyongeza hizo huna tayari. Windows ina ukuta wake wa kuzuia wavamizi wa mtandao. Ina huduma ya kusimamia akaunti za watoto. Ina pia ulinzi wa folda dhidi ya programu za kudai fidia, ingawa huo huwa umezimwa mpaka mwenye kompyuta auwashe. Kulipia kitu ambacho kimelala ndani ya nyumba yako ni kununua maji ilhali una kisima.

Anayeamua kununua na azingatie mambo manne. Kwanza, bei ya mwaka wa kwanza mara nyingi huwa ni ya kuvutia wateja, na ya mwaka wa pili huwa kubwa zaidi. Iulize bei ya mwaka wa pili. Pili, kampuni nyingi hukata fedha zenyewe mwaka ukiisha ikiwa umelipa kwa kadi. Zima mpango huo kama huutaki. Tatu, nunua katika tovuti ya kampuni yenyewe au kwa muuzaji anayetoa risiti. Nne, usiweke kinga mbili zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, kwani hugombana na kuilemea kompyuta. Ukisakinisha kinga ya kampuni nyingine, ile ya Windows kwa kawaida hujiweka kando yenyewe. Nayo leseni ya kinga hiyo ikiisha, hakikisha ya Windows imerudi kazini.

Kinga ya magendo

Sasa tunafika penye kiini cha somo. Katika miji mingi ya mpakani, mtu akinunua kompyuta iliyotumika, huambiwa na fundi kwamba kwa fedha kidogo atawekewa kila kitu: Windows, programu za ofisi, na kinga ya kulipia yenye leseni ya miaka mingi. Leseni hiyo haikununuliwa. Programu imevunjwa kufuli, au imeingizwa ufunguo wa wizi unaozunguka katika flashi. Mteja huondoka akiamini amelipia ulinzi.

Tuseme wazi: hii si kinga ya bure wala si ya kulipia. Ni magendo. Sisi watu wa mpakani tunaijua tabia ya magendo. Dawa iliyopitishwa gizani haina wa kuulizwa ikimdhuru mgonjwa. Mbegu iliyopitishwa porini haina wa kuulizwa isipoota. Vivyo hivyo, kinga iliyovunjwa kufuli haina mwenyewe. Mara nyingi hushindwa kupokea masasisho, kwa sababu kampuni ikiugundua ufunguo wa wizi huufunga. Hubaki na alama yake nzuri kwenye skrini, na familia hulala ikidhani mlinzi yuko macho.

Ubaya wake haukomei hapo. Programu ndogo zinazotumika kuvunja kufuli ni miongoni mwa njia wanazopenda wahalifu kufichia virusi vyao. Aliyevunja kufuli la programu na kukupa bila kukujua hakufanya hivyo kwa huruma. Huenda ameacha mlango wake ndani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ipo dalili ambayo kila mzazi na kila kijana anaweza kuikumbuka. Programu hizi aghalabu huja na maelekezo kwamba, kabla ya kuzisakinisha, uzime kwanza kinga ya kompyuta. Fikiria mgeni abishaye hodi usiku na kusema, "Fungeni mbwa, mwambieni na mlinzi aondoke, ndipo niingie." Nani angemfungulia? Basi na programu inayodai hivyo isifunguliwe.

Kwa upande wa sheria, hapa Uganda programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006, na kuingilia au kubadilisha data ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011. Majirani zetu nao wana sheria zao: Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018. Kuvuka mpaka hakulifuti kosa. Lakini nia yetu katika somo hili si kutisha. Mafundi wetu ni vijana wanaojitafutia riziki, na wengi wao wana ujuzi wa kweli. Tunawaomba wauuze ujuzi huo kwa njia halali: kumsafishia mteja kompyuta, kumwashia kinga iliyomo, kumwekea programu za ofisi za bure kama LibreOffice, na kumfundisha kuhifadhi nakala. Hiyo ni kazi inayolipwa, na mteja hurudi kwa shukrani badala ya malalamiko.

Mlango ambao kinga peke yake haiufungi

Mtu anaweza kuwa na kinga bora na bado akaibiwa, kwa sababu Windows yenyewe imeachwa bila kusasishwa. Mfano mkubwa ni wa tarehe 12 Mei 2017. Siku hiyo programu ya kudai fidia iitwayo WannaCry ilisambaa duniani na kwa siku chache ilizifikia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Ilidai dola 300 kwa kila kompyuta. Nchini Uingereza, hospitali za umma zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa maelfu. Jambo la kusikitisha ni kwamba Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba ufa huo mwezi Machi mwaka huo huo, takriban miezi miwili kabla. Waliokuwa wamesasisha kompyuta zao hawakuingiliwa kupitia ufa huo; wengi wa walioumizwa ni wale waliokawia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo tuangalie umri wa Windows tunayoitumia. Windows 7 iliacha kupata masasisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 nayo ilifikia kikomo chake tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza wa muda. Kompyuta nyingi zilizotumika zinazouzwa katika miji yetu zina matoleo haya. Kumnunulia mlinzi wa ghali nyumba yenye ukuta uliobomoka si tiba. Kompyuta inayoweza kupokea Windows 11 na ipandishwe; isiyoweza inaweza kuwekewa mfumo wa bure wa Linux, kama Ubuntu au Mint, ambao huendelea kupata masasisho.

Tunafahamu kwamba data ya intaneti ina gharama, na ndiyo sababu wengi huzima masasisho. Zipo njia za kupunguza mzigo. Orodha ya alama za virusi ya Microsoft Defender inaweza kupakuliwa mahali penye intaneti nafuu, kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, kisha ikabebwa katika flashi hadi nyumbani. Hali kadhalika, masasisho makubwa ya Windows yanaweza kufanywa mara moja kwa mwezi shuleni, kanisani, msikitini au kazini, pale unaporuhusiwa kutumia intaneti yao.

Tuchague vipi?

Tuchukue mifano mitatu ya nyumba, kwa ajili ya mafunzo tu.

Nyumba ya kwanza ni ya mwalimu mwenye kompyuta moja, anayeandaa mitihani na kuwaachia watoto wasome jioni. Huyu hahitaji kulipa. Kinga iliyomo ndani ya Windows, ikiwa imewashwa na kusasishwa, inamtosha. Awafungulie watoto akaunti yao isiyo na mamlaka ya kusakinisha programu, na fedha ambazo angelipia leseni anunue diski ya nje ya kuhifadhia nakala.

Nyumba ya pili ni ya mama anayefanya kazi na mawakala wa forodha, ambaye hupokea flashi na viambatisho vya barua pepe kutoka kwa watu asiowajua kila siku. Humo mna siri za wateja, na kazi ikisimama siku mbili hasara yake inazidi ada ya mwaka. Huyu ana sababu ya kufikiria kulipia, hasa kwa ajili ya msaada wa haraka na leseni inayoruhusu biashara. Akishindwa, abaki na kinga ya Windows, awashe ulinzi wa folda, na asiifungue flashi ya mgeni bila kuikagua: abofye alama yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua ukaguzi wa Defender.

Nyumba ya tatu ni ya mzee anayewasiliana na wanawe walio ughaibuni, ambaye huamini kila onyo linalotokea kwenye skrini. Anaweza kufaidika na kinga ya kulipia yenye uchujaji madhubuti wa tovuti za kitapeli. Lakini kinachomlinda zaidi ni mjukuu wa kumwelekeza: "Babu, ukiona onyo linalokutaka upige simu au utume fedha, usibofye, niite kwanza." Hakuna leseni inayouza mjukuu.

Katika nyumba zote tatu, nguzo ni nne: Windows iliyosasishwa, kinga moja halali iliyo hai, nakala rudufu katika diski inayochomolewa baada ya kutumika, na nywila tofauti kwa barua pepe na benki. Anayezishika hizo kwa kinga ya bure yuko salama kuliko anayelipia kinga ya ghali na kuzipuuza.

Ukishapatwa

Ikiwa kompyuta imefungwa au umeona dalili za wizi, itenganishe na intaneti mara moja. Usilipe fidia: hakuna ahadi kwamba mafaili yatarudi, na fedha hizo huwapa nguvu wahalifu. Piga picha ya skrini kwa simu, uandike tarehe, saa na ulichokuwa ukifanya. Usimwite fundi afute kila kitu kabla ya kutoa taarifa, kwa kuwa anaweza kufuta ushahidi pamoja na kirusi. Kwa kutumia simu au kompyuta nyingine iliyo safi, badilisha nywila zako na uijulishe benki. Kisha fika kituo cha polisi kilicho karibu ukiwa na maelezo hayo.

Kuna pia mradi uitwao No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama wa kompyuta. Katika tovuti yake hutolewa bila malipo funguo za baadhi ya programu za kudai fidia. Si kila kufuli lina ufunguo pale, lakini ni vyema kutazama kabla ya kukata tamaa.

Wala pasiwepo mtu wa kuona haya kutoa taarifa. Anayekuja kituoni leo kueleza kwamba flashi fulani ilileta kirusi anamwokoa jirani aliyekusudia kuipokea kesho.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kompyuta ya nyumbani kwako ina toleo gani la Windows, na ilisasishwa mara ya mwisho lini?
2. Ni nani aliyesakinisha kinga uliyonayo? Je, unaweza kuonyesha leseni yake au kueleza ilikotoka?
3. Kompyuta hiyo ikifungwa na wahalifu usiku wa leo, ni nyaraka zipi zitapotea kabisa? Je, zina nakala mahali pengine?
4. Mafundi wa mji wetu wanawezaje kusaidiwa ili wajipatie riziki bila programu za magendo?

Tunawaomba viongozi wa mitaa, walimu na viongozi wa dini walisome somo hili pamoja na watu wao, na swali la tatu walijibu kwa vitendo siku hiyo hiyo. Diski moja ya nakala iliyowekwa kabatini jioni ya leo ina thamani kuliko ushauri wetu wote wa baada ya wizi.